Salamu Niliyoijibu Fez

Naomba wanafunzi wangu wa madrasa hapa Garissa wasikisikie kisa hiki, maana mimi ndiye ninayewafundisha Kiarabu.

Mdogo wangu Noor anasoma Fez, mji mkongwe huko Morocco. Mwezi uliopita, baada ya kaseti nyingi alizonirekodia sauti yake akiniita, nilikwenda kumwona. Aliniacha kwenye lango la mji akawaite wenzake, kwa sababu alikuwa amewasifia sana Kiarabu changu. Sikungoja, nikajitosa vichochoroni. Ni vyembamba hata ngamia wetu angekwama. Gari haliingii, mizigo yote hubebwa na punda.

Mara mzee mmoja mwenye punda akanipigia kelele, "Balak!" Neno hilo sikuwahi kulikuta vitabuni, lakini nikakata shauri kuwa ni salamu. Nikaweka mkono kifuani, nikajibu, "Balak, mzee wangu!" Watu wakajibanza ukutani. Nikasema moyoni, hawa kweli wanajua kumheshimu mgeni. Mwingine akapaza sauti nyuma yangu, "Balak! Balak!" Nikageuka, nikafungua mikono nimkumbatie.

Niliyemkumbatia ni punda aliyebeba ngozi mbichi. Tukaangukia pamoja kwenye mapipa ya zeituni.

Nilipoinua kichwa, Noor alikuwa amesimama pale na wenzake wote.

"Walaal," akaninong'oneza kwa Kisomali, yaani ndugu yangu, "balak maana yake ni pisha njia."

Mwenye punda akafoka, akauliza kama mimi ni kiziwi.

"Ndiyo, mzee," Noor akamjibu mbele ya watu, "tangu utotoni."