Mashavu ya Nekesa

Juzi, katika kliniki moja ya Kitale, nilimwona muuguzi akimpima mtoto urefu ukutani, nikamkumbuka dadangu Nekesa alasiri ile kule Ndalu. Wageni walikuja shuleni kuwagawia watoto wenye njaa uji wa soya. Harufu yake tamu ilitufikia tukiwa kwenye laini. Nekesa alikuwa mkubwa wangu, lakini alinifika begani. Mwanamume mwenye upawa alimfinya shavu, akacheka.

"Huyu amenona, bana! Njaa gani? Toka, wapishe wengine."

"Lakini nasikia njaa," Nekesa alisema.

Mimi nilijivunia. Nilidhani mashavu ya mviringo ni ya mtu aliyeshiba.

Mama alipoambiwa, aliacha kusonga ugali, ambao siku hiyo tungeula kwa chumvi. "Malori ya mahindi yanatoka hapa kulisha nchi nzima," alisema, "na mtoto wangu ananyimwa uji!"

Siku hizi najua kwamba mwili unaolishwa ugali mtupu unaweza kudumaa huku mashavu yakijaa. Nekesa sasa ni mama mzima, nami huinama kumkumbatia. Watu husema Mungu ndiye aliyemuumba mfupi. Sikubali. Wanamsingizia Mungu.