Kiangazi Ambacho Baba Hakuitikia Shikamoo

Nta ya nyuki ikipata moto hutoa harufu inayokaa nguoni hata ukifua. Kiangazi kile nyumba yetu ya Rungwa ilinuka nta kuanzia jikoni hadi kwenye mashuka, na wala si kwa sababu ya mavuno ya asali, maana mizinga ya mama ilikuwa haijaguswa bado. Mama aliyeyusha masalia ya nta ya mwaka uliopita kwenye sufuria iliyokatika mkono, akachovya pamba aliyoichomoa kwenye godoro la zamani, akaviringisha vidonge vidogo na kuvipanga juu ya kipande cha mfuko wa simenti vipoe. Nikamwuliza ni dawa ya nini. Akasema ni ya masikio. Nikauliza nani anaumwa masikio. Akasema hakuna anayeumwa, ni ya wanafunzi wa baba yako, hebu nipishe hapo nisije nikakuunguza. Nikaondoka sijaelewa kitu, na kusema kweli hivyo ndivyo nilivyokaa kiangazi chote.

Baba alikuwa askari wa wanyamapori kwa miaka mingi, na mwaka ule walimpa kazi ya kufundisha vijana wapya kulenga shabaha. Bunduki ndefu walishazizoea. Sasa walitakiwa wajue na bastola. Uwanja wao ulikuwa nyuma ya kilima, walikolundika tuta kubwa la udongo ili risasi iishie humo, na sisi watoto tulikatazwa hata kuchunga mbuzi upande ule. Tulichoambulia ni mlio tu. Pa! Kimya. Pa, pa! Halafu filimbi ya baba, ndefu, halafu kimya tena. Mbwa wetu alihamia chini ya kitanda cha bibi, akaacha kabisa kazi ya ulinzi aliyokuwa analishwa kwa ajili yake. Bibi, yaani mama mzazi wa baba, alikuwa amekuja kutoka Ikungi kututembelea, na kila mlio ulipopigwa alikuwa anamwita Yesu.

Mmoja wa wanafunzi alikuwa baba mdogo Joeli, mdogo wake baba, aliyekuwa analala kwetu. Joeli alikuwa na nguvu za kubeba gunia peke yake lakini bastola ilimshinda, risasi zake zikawa zinachimba udongo chini ya karatasi ya shabaha kama mtu anayetafuta viazi. Basi jioni baba alimfundisha uani kwa bastola ya mti aliyoichonga mwenyewe kwa kipande cha mninga. Nilikaa mlangoni na bakuli la mahindi ya kupukuchua nikasikiliza yote. Mtu anayeanza, alisema baba, asikimbilie kutafuta bastola nzuri, atafute kwanza vya kumlinda yeye mwenyewe: miwani ya kukinga macho, kitu cha kuziba masikio, kofia yenye ukingo mbele, viatu vya kufunika mguu mzima. Shati ufunge vifungo mpaka shingoni, maana ganda la risasi likiruka likaingia kifuani lina moto, utacheza ngoma ukiwa na silaha mkononi. Bastola ihesabu kuwa ina risasi hata kama umeitoa wewe mwenyewe sasa hivi. Mdomo wake usielekee kitu usichotaka kukiua. Kidole kikae pembeni, nje ya triga, mpaka umeshaamua. Kisha akaweka kizibo cha soda juu ya ile bastola ya mti, akamwambia Joeli avute triga ya kuchonga taratibu, kizibo kisianguke. Kikaanguka. Kikaanguka tena. Baba akamwambia, wewe unauogopa mlio ambao hata haupo, mkono unaruka kabla ya bastola yenyewe.

Mimi hapo nilikuwa nafuatilia vizuri, mpaka aliposema jambo lililonivuruga kabisa. Alisema ukilenga, jicho likae kwenye kile kinundu cha mbele ya bastola, kionekane wazi kabisa, na shabaha yenyewe uiache iwe na ukungu. Yaani unachotaka kukipiga ndicho usichokitazama! Nilijaribu kwa kidole changu na mbuzi mweupe aliyekuwa amefungwa kwenye nguzo. Baba akaniona, akanijia kwa hasira, akanishusha mkono. Hata kidole, akafoka, hata bua la mtama, hapa nyumbani hakuna kumlenga kiumbe. Alifoka kwa sauti kubwa mno mpaka jirani akachungulia. Sikuwa nimezoea baba anifokee hivyo, nikaingia ndani nikalia.

Kesho yake asubuhi nilimkuta anafunga kamba za viatu, nikapiga goti nikasema shikamoo. Hakuitikia. Alimaliza kufunga viatu, akachukua filimbi yake, akaondoka. Nilibaki pale chini na goti langu. Mtu wa kwetu hahitaji kuelezwa maana yake, lakini niseme: mtoto kunyimwa marahaba na mzazi wake si kusahauliwa, ni adhabu nzito. Anayekuchapa bado ni wako. Anayekunyima marahaba amekuweka nje ya mlango. Nikajua ni kwa ajili ya yule mbuzi.

Sasa kilichonichanganya ni kwamba siku iliyofuata aliitikia vizuri tu, akanishika na kichwa. Jioni yake akaninyima. Siku nyingine ananipa, nyingine ananinyima, na sikuweza kuona mpango wowote. Nilifagia uwanja mpaka vumbi likaisha. Nilichota maji hata ya kumwagia mti wa mpapai ambao haukuwa wetu. Mama aliponiuliza, wewe Neema, umemfanyia nini baba yako, nilikiri kula sukari, nikakiri kuvunja kikombe, nikakiri hata kumpiga mawe kuku wa mchungaji, kuku ambaye sikumgusa, nikitumaini kwamba katika yote hayo kosa lenyewe litakuwemo. Mama akazidi kunishangaa. Siku hizo nililala na hofu moja tu, kwamba baba ameacha kunipenda na hajui aniambieje.

Ikaonekana si mimi peke yangu. Mama naye alikuwa anamsemesha jikoni, baba anapita kama hakuna mtu. Ukimwita hageuki. Akizungumza anafoka. Na kila Jumamosi anadandia lori kwenda Itigi, akirudi hasemi alikokuwa. Mama akawa na hesabu yake kichwani, na hesabu ya mke ambaye mumewe anakwenda mjini kimyakimya inajulikana. Nikamsikia akimwambia bibi, mwanao ana mtu Itigi, na ndiyo maana hata mtoto hamtaki tena. Bibi aliguna, akajibu kwa Kinyaturu haraka haraka nisielewe, nikaelewa nusu, na hiyo nusu ilitosha kunitoa machozi.

Jumapili baada ya kanisa bibi akaamua yaishe. Akawaita mzee wa kanisa na jirani yetu mama Salima, wakakaa uani kwenye viti na mkeka. Baba alikuwa upande wa jua, amekaa kwenye kigoda, anapiga msasa ile bastola ya mti ili Joeli isimchubue, na alikuwa hajaambiwa ni kikao. Bibi akaniita pembeni. Akasema, nenda ukapige magoti kwa baba yako mbele za watu wote hawa, umsalimie, tuone kama atathubutu kukunyima. Nikaenda. Nikapiga magoti ubavuni kwake, macho chini kama nilivyofundishwa, nikasema kwa sauti ambayo hata mama Salima mwisho wa mkeka aliisikia, “Shikamoo, baba.”

Msasa ukaendelea. Shwaa, shwaa.

Nikarudia. Msasa ukaendelea. Mzee wa kanisa akasema, “Eeh, jamani!” Bibi akainuka, tayari kumwaga maneno ambayo mama hutamka mara moja kwa mwanawe na hayarudi. Na mama yangu, ambaye alikuwa anatoka jikoni na sufuria ya chai, akaiachia. Sufuria ikaanguka juu ya jiwe la kusagia, nyuma kabisa ya mgongo wa baba. Kuku wakaruka. Mimi nilijikuta nimeshika udongo. Mama Salima akapiga ukunga. Baba akapuliza vumbi kwenye bastola ya mti, akaigeuza, akaanza kupiga msasa upande wa pili.

Joeli ndiye aliyetembea taratibu akazunguka, akachuchumaa mbele ya baba na kumshika goti. Baba akainua uso, akatuona wote, akaiona chai imemwagika, akaniona mimi nimepiga magoti ubavuni kwake. Nadhani ndipo alipojua kwamba nipo pale. “Kaka,” Joeli akamwambia akiwa amemkazia macho, “husikii?”

“Nasikia,” baba akasema kwa kufoka, kisha akajishtukia na kushusha sauti. “Nasikia nyenje tu. Wanalia humu kichwani usiku na mchana. Mtu nikimwona mdomo namwelewa.”

Basi yakatoka. Itigi alikuwa anakwenda kwa daktari, na daktari alishamwambia kwamba kilichokwenda hakirudi. Vikinga masikio vya kule kazini vilikuwa vichache, akawapa vijana, na wasiopata akawaziba kwa vidonge vya mama, mmoja mmoja, kwa mikono yake. Yeye mwenyewe hakuwahi kuziba, si kiangazi kile wala miaka yote ya nyuma. Mama alimwuliza kwa nini, analia na kugomba kwa pamoja, nta mimi si ninayo hapa ndani, baba Neema, umekosa nini? Baba akasema, “Nikiziba na mimi, nani atamsikia mwanafunzi akisema bastola imekwama?”

“Na sasa,” mama akamwuliza, “nani anamsikia?”

Baba hakujibu. Safari hii kila mtu alijua kwamba amesikia, kwa sababu alikuwa anamtazama mdomoni. Alijua, na tuliokuwa pale tulijua, kwamba neno hilo likifika kazini kazi imekwisha, na kwetu mshahara ulikuwa ule. Bibi akasema tulifiche mpaka wanafunzi wamalize. Joeli akasema yeye atasimama karibu ampe ishara. Baba akatikisa kichwa. Kesho yake asubuhi alivaa sare yake, akafunga vifungo mpaka shingoni, akaenda kukabidhi filimbi. Alirudi kabla jua halijapanda, akavua sare, akamwuliza mama mizinga iko mingapi na mingine iwekwe wapi.

Watu walihuzunika pale nyumbani kama kumefiwa. Na mimi, mwenzenu, nilifurahi. Nilifurahi mpaka nikajificha nyuma ya choo ili nicheke, kwa sababu baba hakuwa amenichukia, alikuwa kiziwi tu. Nilikwenda shuleni nikiruka kamba peke yangu njiani. Furaha ile nimeigeuzageuza tangu siku hiyo na bado sijui niiweke wapi. Mtoto anashangilia kwamba baba yake hasikii! Lakini ndivyo ilivyokuwa, na ningeidanganya nafsi yangu kama ningesema nililia.

Siku hizi naishi Singida mjini, nafanya kazi ya kawaida ya ofisini, na nikienda Dodoma kikazi huwa napitia uwanja mmoja wa shabaha na kutumia bastola zao, na wenye uwanja wananijua. Msiniulize kwa nini mtu aliyekulia nyumba ile anapenda mchezo ule, maana nami najiuliza. Ninapovuta pumzi, kinundu cha mbele kikakaa wazi na karatasi ikaingia ukungu, napata utulivu ambao siupati hata kanisani, na papo hapo najiona msaliti. Vijana wanaoanza hunifuata wakiwa wamekwisha kuangalia kwenye simu bastola za bei ya pikipiki. Nawaambia hiyo iache, tumia ya uwanja, jifunze kwanza kutoogopa mlio. Nunua miwani. Nunua vikinga masikio, vile vizuri vya kufunika sikio lote, na kama unapigia ndani ya jengo weka na vidonge ndani yake. Wananicheka kidogo kwamba dada huyu mambo yake yote ni masikio. Vitu ni vingi dukani sasa, kuna hata vya betri, vinavyokata mlio wa risasi na kumwacha mwalimu asikike anapozungumza, yaani kile kitu hasa ambacho baba alidhani hakiwezekani. Nilipoviona mara ya kwanza nilikaa kwenye gari nisijue kama nifurahi au nitukane.

Mwaka jana nilivibeba vya kwangu nikaenda navyo Rungwa. Baba ni mzee sasa, na nyenje wake nao wamenyamaza. Nilisimama mbele yake ili anione mdomo, nikamweleza: hivi, baba, unavaa, bastola ikilia huisikii, mtu akikusemesha unamsikia. Akavipenda. Akaipapasa ile sponji, akavivaa, akaniambia nipige kitu. Nikachukua mwiko nikaigonga sufuria kwa nguvu zangu zote. Baba akatega kichwa upande, akasubiri, akanitazama kwa upole kama mtu asiyetaka kumvunja mtoto moyo.

“Ni vizuri, mwanangu,” akasema. “Ila naona ni vilevile tu.”