Spika ya Kushoto

Mtaa mzima ulimwita Masikio, naye jina hilo alilipenda kama cheo. Alikuwa mhariri wa sauti wa kituo cha redio, na wenzake waliapa kwamba mbu akitua ukutani, yeye anamsikia. Kituo kilipofunga baadhi ya ofisi zake na kumwambia afanyie kazi nyumbani, alihamia chumba alichokuwa akilala binti yao kabla hajaolewa. Akatundika blanketi zito ukutani kuua mwangwi, akabakiwa na tatizo la kusikilizia. Visikilizio vya kuvaa kichwani hakutaka hata kuviona. Vinabana, alisema, halafu vinadanganya.

Basi akaagiza spika ndogo za kuunga mwenyewe. Zilifika vipande vipande ndani ya boksi: mbao zilizokwishakatwa, koni za kutolea sauti za upana wa kisosi, waya, na furushi la sufi la kujaza ndani. Mkewe alikuwa fundi cherehani mwenye mkono usiotetemeka, kwa hiyo waligawana kazi kwenye meza ya chakula. Mume akaunga moja, mke akaunga ya pili, wakitaniana kwamba atakayeharibu yake atafua nguo mpaka wajukuu waote ndevu. Walipoziweka pande mbili za kompyuta na kuziwasha, msomaji wa habari akawa kama amesimama katikati ya meza. Walicheka sana siku ile. Nakitaja kicheko hicho mapema kwa sababu humu hakuna kingine.

Baada ya miezi kadhaa, spika ya kushoto ilianza kufifia. Ndiyo aliyoiunga mke. Masikio hakuhitaji kufikiri mara mbili: gundi haikushika, hewa inavuja. Akaifungua, akaongeza sufi, akalehemu waya upya, akaifunga. Ikafifia vilevile. Mbaazi ukikosa maua husingizia jua, na huyu bwana jua lake lilikuwa ndani ya nyumba, limekaa kwenye cherehani upande wake wa kushoto. Kila alipoishika bisibisi alitoa neno la kuchoma. Mke alikuwa akimjibu, na mara nyingine akimsemesha mambo mengine kabisa, naye haitikii wala hageuki. Mke akadhani ni dharau. Mwishowe akanyamaza, nyumba ikabaki na mlio wa cherehani.

Kazi nayo ikaharibika. Kwa kuwa kushoto alisikia kidogo, kushoto alizidisha. Vipindi vikawa vinarudishwa: upande mmoja unapiga kelele, wasikilizaji wanalalamika. Mkuu wa vipindi, kijana aliyefunzwa kazi na Masikio mwenyewe, alimwambia kwa upole kwamba kingine kikiharibika, watamtafuta mtu mwingine. Masikio akatengeneza kingine, akaapa kimekaa sawa, akakituma.

Asubuhi ya kusubiri jibu, alikuwa ameishika tena ile spika.

"Yaani mama watoto, kiboksi kidogo hivi kimekushinda?"

Cherehani ikasimama. Mke akaja akasimama mbele yake.

"Hiyo si yangu."

"Si yako kivipi?"

"Nilizibadilisha wiki iliyopita nilipokuwa nafuta vumbi. Yangu iko kulia, tangu hapo unaisifia kila siku. Hiyo umeunga wewe. Igeuze uone dole gumba lako."

Akaigeuza. Kwenye gundi iliyokauka palikuwa na alama ya dole gumba lake, lenye kovu. Mke alikuwa ameisubiri dakika hiyo kwa hamu, na mimi simlaumu kwa kufurahi. Lakini furaha haikukaa. Uso wa mumewe ulikuwa umesawijika.

Fundi yeyote anajua kwamba ukizihamisha spika, ubovu huhama na spika mbovu. Huu haukuhama. Akabadilisha waya, ukabaki palepale. Akakizungusha kiti, akazipa spika kisogo, akamwomba mkewe awashe. Spika iliyokuwa ikififia ikasikika vizuri kabisa. Ile nzima, aliyoiunga mke, ndiyo ikafifia. Ubovu uligeuka pamoja na kiti.

"Ni mimi," alisema. Aliogopa kama hajawahi kuogopa. Sikio ndilo lililokuwa jembe lake.

"Kwa hiyo ulikuwa hunisikii?" mke aliuliza. "Muda wote huo?"

"Ulikuwa unaniambia nini?"

"Vitu vidogo vidogo tu." Hasira yote ilikuwa imemwishia, na alitamani angebaki nayo.

Simu ikaita mezani. Siku zote aliipokea kwa sikio la kulia. Safari hii aliiweka kushoto, kwa makusudi, apate kujua kimebaki nini. Alisikia mvumo tu.

"Amekata?" alimuuliza mkewe.

Hakuwa amekata. Mke aliisikia sauti ya mkuu wa vipindi kutoka pale aliposimama: "Haloo! Masikio! Unanisikia, mzee wangu?"

"Anakusikia, baba," mke akajibu kwa sauti kubwa. Akamshika mumewe mkono, akaihamishia simu kwenye sikio la kulia, na hilo halikupitwa na kitu: lilisikia yule kijana akivuta pumzi, likasikia samahani yake, likasikia na jina la mtu mwingine atakayeanza Jumatatu.