Mchokozi wa Karakana Yangu

Shule niliiacha darasa la tano, lakini pale mtaani kwetu Masoro mimi ndiye niliyetangulia kukata nguo kwa vipimo vya kompyuta. Majirani walikuja kuchungulia dirishani. Programu niliandikiwa na dada mmoja aliyekulia Kampala, mwenye akili nyingi na utundu zaidi.

Utundu wenyewe ulikuwa kipande kidogo cha programu alichokiita Mchokozi. Ukikiweka ndani ya programu nyingine, kinaingia kwenye maandishi yake na kugeuza mstari mmoja: pa kujumlisha panakuwa pa kutoa. Alikiweka kwenye nakala ya programu yetu iliyokuwa ya kuchezea tu, yenye alama nyekundu kwenye skrini. Saa ya chakula mafundi waliingiza humo vipimo vyao, waone watatoka na umbo gani. Mimi nilitoka na shingo pana kuliko kiuno. Tulicheka mpaka wali ukapoa.

Siku moja akaja mkuu wa wauguzi wa kliniki fulani ya Kibagabaga. Alitaka sare za wauguzi wake wote, ila alikuwa bado anamfikiria fundi mwingine wa Kicukiro. Mtu kama mimi haiti msaada mbele ya mteja. Nikampima, nikakaa kwenye kompyuta mwenyewe, nikabonyeza alama niliyoizoea. Nyekundu.

Fundi wangu mkuu, Mwislamu mmoja mtaratibu, hakati kitambaa kabla ya kusoma karatasi ya vipimo kwa sauti.

"Kifua, tisini na nane. Mkono, kumi na tisa." Akamtazama mteja. "Bosi, mkono ya mama iko inaishia juu ya kiwiko?"

"Nilikuwa nawajaribu," nikasema.

"Asante, bosi. Tumefaulu?"

Yule mama akavua koti. "Nipime wewe fundi, kwa futi yako ya kamba. Anayesoma kabla ya kukata ndiye ninayemtaka."

Kazi ikabaki kwangu. Dada akaja mbio. "Bosi, kosa ni langu. Nakifuta kile kipande leo." Nami, kwa aibu, nikamwacha aamini hivyo siku mbili. Siku hizo mbili alikula peke yake, na hakuna aliyecheka. Ya tatu nikasimama mbele ya mafundi, nikasema ni mimi niliyebonyeza ile nyekundu.

"Tulijua," akasema fundi mkuu, akanisogezea kiti.

Lakini Mchokozi alikuwa amekwisha kufutwa. Nikamwomba dada amwandike upya. Akasema sawa, bosi, kesho. Sasa ana kampuni yake, na mimi hiyo kesho bado naisubiri.