Mjerumani Hachelewi

Walimu wenzangu walikuwa wakinunua ng'ombe wa gredi na mabati. Mimi nilikuwa nakusanya saa za mkono. Na si saa hivi hivi tu: saa za Kijerumani, za springi na vigurudumu, zile zinazotengenezwa chache na kuvaliwa na matajiri. Mimi nilikuwa na mshahara wa mwalimu, nyumba ya mbao mtaa wa Langas, na kichwa kigumu.

Nilikuwa nazo tatu. Mbili zilikuwa zimekufa, lakini hilo sikumwambia mtu. Ya tatu ndiyo iliyokuwa roho yangu. Niliipata kwa mzee mmoja wa upande wa Moi's Bridge aliyekuwa mpishi wa mzungu. Mzungu alipouza shamba akamwachia saa kama kumbukumbu. Nilimpa mzee kondoo dume na koti langu la harusi. Alinishukuru akinishika mikono yote miwili, na hapo ndipo ningeshtuka, lakini wapi!

Ilikuwa saa inayojijaza yenyewe, mkono wako ukitembea. Sasa mimi, kwa ujanja wangu, nikaona nikiivaa kila siku itachakaa. Niliilaza kwenye pamba ndani ya mkebe wa kakao, nikaivaa Jumapili tu kanisani, mkono wa shati nimeukunja hata kwa baridi ya Julai. Ukiniuliza saa, nilikupa na sekunde. "Mjerumani hachelewi," nilikuwa nasema hata siku ambazo sikuivaa, mpaka ofisi nzima ya walimu ikanichoka.

Mke wangu alipokuwa na mimba yetu ya kwanza, aliniomba kitu kimoja tu: azalie hospitali ya misheni kule Plateau. Dada yake alizalia nyumbani, akafa. Hakuhitaji kuniambia mara mbili. Nikaongea na jirani yetu, mzee mwenye duka aliyetoka Mkoa wa Kati, ambaye pickup yake iliondoka dukani kila asubuhi saa moja u nusu kufuata kabichi, ikipitia Plateau.

"Siku ikifika nipateni dukani," akasema. "Lakini Mwalimu, mimi singoji mtu."

Nikamcheka. Tena nikaenda kujigamba kwa mama yangu. Kwetu Wakalenjin mtoto hupewa jina la wakati aliozaliwa: kuna jina la alfajiri, kuna la mchana, kuna la jioni mbuzi wakirudi. "Mama, jina la huyu halitangoja mbuzi," nilimwambia. "Litapimwa na saa."

Uchungu ulianza Alhamisi, kukipambazuka. Nikatoa saa mkebeni, nikaivaa, ikaanza tiki tiki vizuri kabisa: saa kumi na mbili na dakika tano. Muda tele! Nikachemsha chai, nikapiga viatu rangi, nikatafuta tai. Mara redio ikaleta taarifa ya habari ya saa moja, ikaanza kama kawaida na mahali Mtukufu Rais alipokuwa jana.

"Mwalimu, ni saa moja!" mke wangu akasema, ameshika kitanda.

Nikaangalia mkono. "Redio imekosea."

"Woi! Nyamaza, watu watakusikia. Hiyo ni redio ya serikali."

"Ya serikali, ndiyo. Lakini si ya Mjerumani."

Sikio la kufa halisikii dawa. Saa ilikuwa imesimama mkebeni tangu Jumatatu kwa kukosa mkono wa kuijaza, ikaamka nilipoigusa na kuendelea pale ilipoachia. Tulitoka nyumbani ikisema saa moja na dakika tano. Dukani tulikuta alama za magurudumu kwenye matope, na mke wa mzee akifagia.

Tuliokolewa na trekta lililokuwa likipeleka mbolea, kina mama watano vibarua wamekaa juu ya magunia. Trekta lilitembea kama limefiwa. Hata nusu ya njia hatukufika. Kina mama walifungua leso zao wakamzingira mke wangu, na mmoja akanifokea, "Wewe na tai yako, geuka uangalie mbele!" Niligeuka. Niliogopa, jamani. Nilikuwa nikimwona dada yake tu.

Mtoto akalia, kisha nikasikia mke wangu akimcheka mtoto kwa sauti ya uchovu, nikajua wote wako hai. Nikaangalia saa niandike dakika. Bado ilikuwa saa moja na dakika tano. Ilikuwa imesimama tena, safari hii mkononi mwangu.

Mama yangu alipokuja kutoa jina aliniuliza, "Saa ilisemaje?"

Nilivuta mkono wa shati nikaifunika. Msichana akapewa jina la waliozaliwa safarini.

Leo ni mtu mzima, na yeyote wa kwetu akisikia jina lake anajua alizaliwa njiani. Swali la pili huwa lilelile: kwani baba alikuwa wapi? Yeye hupenda kujibu mwenyewe, nikiwa nimekaa hapo hapo.

"Alikuwa nyumbani, anabishana na redio."

Wageni hucheka, na mimi hucheka kuwashinda. Mama yake hutabasamu kidogo, kisha huinuka kwenda kuongeza chai ambayo hakuna aliyeiomba.