Gololi za Jiko la Chini

Marlene Hudak aliwapikia watoto wa shule tangu ujana wake mpaka mvi zikamjaa kichwani, na katika miaka yote hiyo hapakutokea hata mtoto mmoja aliyeumwa tumbo kwa chakula chake. Jambo hilo alilisema kanisani, alilisema dukani, alilisema hata matangani, mpaka mumewe Emil akawa anammalizia sentensi. Wala hakuwa anajigamba bure. Ukiingia jikoni kwake na viatu vya nje, ulikiona cha mtema kuni.

Sasa mtu wa namna hiyo, jamani, ndiye aliyekuja kuyeyusha madini ya risasi na kusubu gololi za bunduki kwenye meza ya kukandia unga. Na wala hakuwa mjinga. Alifanya kwa mapenzi, na mapenzi nayo yana upofu wake.

Huko milimani kwao, magharibi mwa Pennsylvania, Krismasi ikipita tu unafunguliwa msimu wa kuwinda kulungu kwa bunduki za gumegume, zile za kushindilia baruti kwa mdomo na kuwasha kwa jiwe. Emil hakuwahi kuukosa tangu alipoota ndevu. Bunduki yake ilikuwa ya babu yake, na mtutu wake haukufuata kipimo cha duka lolote: gololi za kununua ama zilipwaya ama ziligoma kuingia. Kwa hiyo kila mwaka alizisubu mwenyewe kwa kalibu ya babu huyohuyo. Mwaka huo mikono ikaanza kumtetemeka. Kushika bunduki aliweza, maana angeiegemeza kwenye gogo, lakini mikono inayotetemeka na chungu cha risasi iliyoyeyuka havipatani hata kidogo. Akawa anakaa dirishani siku nzima, kimya, chai inapoa mbele yake. Marlene alimtazama wiki ile yote na moyo ukamuuma.

Akamwambia atamsubia yeye. Emil akacheka kwa mara ya kwanza tangu majani yaanguke.

"Wewe? Wewe ni wa viazi, mke wangu."

"Jibini inayeyuka, risasi inayeyuka. Nifundishe, acha maneno."

Nyumba za mji ule zina majiko mawili. La juu ni la chai na wageni. La chini, kwenye chumba kilichochimbwa ardhini, ndilo la kazi za jasho: kuchemshia nyanya za chupa, kusagia nyama ya soseji, na kuandalia pirogi za Krismasi, yale mandonge ya unga yanayojazwa viazi au kabichi, zinazotosha ukoo mzima. Emil alikuwa akisubia bandani, uani, lakini sababu yake ilikuwa sigara tu, ambazo Marlene hakutaka kuzinusa ndani. Marlene akaitazama theluji, akalitazama lile banda linalopitisha upepo, akasema hafi kwa baridi kwa ajili ya kulungu. Emil akamuunga mkono. Baba yake alisubu mlemle jikoni chini miaka nenda miaka rudi, akazikwa akiwa kikongwe. Ushahidi gani mwingine ulitakiwa? Basi wakakubaliana, na hapo ndipo walipojipalia makaa.

Goti la Emil halikuweza kushuka zile ngazi, kwa hiyo alivuta kiti akakaa juu, mlangoni, akawa anafundisha kwa kupaza sauti. Gololi za kwanza zilitoka zimekunjamana mithili ya zabibu kavu.

"Kalibu bado ina baridi," Emil akaita. "Iweke ukingoni mwa chungu ipate moto."

"Umeona wapi, na wewe uko huko juu?"

"Sijaona. Nimesikia unavyosonya."

Akajifunza. Akajifunza kuipaka kalibu masizi ya mshumaa ili gololi isigande, kudondosha kipande cha nta chunguni ili uchafu upande juu, na kuengua ule uchafu, majivu ya kijivu mepesi kuliko unga, kwa kijiko kikuukuu na kuutia kwenye kopo la kahawa. Kwa upande wa moto alikuwa mwangalifu hasa. Alivaa miwani, alivaa glavu nene, na tone la maji halikuruhusiwa kukaribia chungu, maana Emil alimwonya kwamba tone moja tu likiingia, chungu kizima kinaruka usoni. Hakuungua hata kidole. Akimaliza, alivua glavu na kuifagia meza kwa kiganja, kama alivyozoea kufagia unga.

Siku alipopanda juu na kiganja kimejaa gololi zinazong'aa, mviringo safi, Emil alizigeuzageuza mkononi muda mrefu. Kisha akasema ni nzuri kuliko zake. Kwa Emil, ambaye siku ya harusi yao alimwambia bibi harusi kwamba gauni linatosha, maneno hayo yalikuwa makubwa. Marlene akashuka akasubu nyingine.

Desemba ilipoingia, binti yao Renee akaja kusaidia pirogi, tumbo limetangulia. Mimba ile ilikuwa imesubiriwa kwa sala na machozi. Nyingine iliharibika kabla yake, na nyumba nzima ilijifunza kutoitaja. Mama na binti wakashinda mezani kule chini wakikanda, wakijaza viazi, wakibana kingo. Renee alikuwa anaonja kila kitu, njaa ya mimba ilivyo, na kila akionja analamba vidole. Marlene alimtazama akafurahi kwamba mtoto anakula.

Wiki iliyofuata Marlene akapeleka gololi zake kwenye klabu ya wawindaji ili zijaribiwe. Msimamizi wa uwanja wa kulengea ni Kaz Dudek, rafiki wa Emil tangu utotoni, mtu mnene mwenye sauti ya upole. Kaz akapiga, akarudi, akazisifu gololi mbele ya wanaume wote waliokuwapo. Kisha akauliza, kwa mazungumzo tu, kama baridi ya bandani haikumtesa.

"Bandani wapi? Nasubu jikoni chini, kuna joto."

Kaz akaiweka bunduki mezani. "Jikoni mnakolia chakula, shemeji?"

"Hatulii pale. Tunapikia pirogi tu."

Mwenyewe aliyasikia maneno yake yalivyotoka. Kaz akamvuta pembeni, akamweleza taratibu. Madini ya risasi ni sumu. Moshi wake si tatizo kubwa ukisubu kwa moto wa kiasi. Tatizo ni yale majivu unayoengua, na vumbi lake. Linashika mikono, linaingia kwenye nyufa za meza, linafika mdomoni. Mtu mzima linamdhuru polepole, mtoto linamdhuru haraka akili na mwili, na aliye tumboni... Hapo Kaz akamkumbuka Renee.

Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Mjukuu wa Marlene alikuwa hajazaliwa bado, na majuto yalikwisha kufika.

Alirudi nyumbani akafungua friza na kuzitia pirogi zote kwenye mifuko ya taka, na ubao wa kusukumia, na mwiko, na ungo wa unga. Emil alikaa mlangoni akitazama Krismasi inatolewa nje mfuko kwa mfuko.

"Hata za kabichi?" akauliza.

"Hata za kabichi."

Emil akajaribu kumtuliza. Labda wasimwambie Renee. Kumwambia ni kumtia hofu bure, na hofu nayo ni mbaya kwa mjamzito. Mbona baba yake...

"Baba yako alizika watoto wachanga wawili, Emil," Marlene akasema. "Kuna aliyewahi kuuliza kwa nini?"

Emil alichukua mfuko uliobaki, akaukokota mwenyewe mpaka nje, goti na yote.

Njia nzima kwenda kwa Renee, Marlene aliogopa vitu viwili, na alijua fika kipi ni kikubwa. Kikubwa kilikuwa mtoto. Kile cha pili alikionea aibu, lakini kilikuwapo: kwamba baada ya leo Renee hatakubali tena mikono ya mama yake imguse mtoto yule, na akikataa atakuwa na haki. Alifika, akakaa bila kuvua koti, akasema yote bila kujitetea. Nampa heshima yake kwa hilo, maana wengi wetu tungeanza na "lakini".

Renee alisikiliza, mkono tumboni.

"Nililamba vidole, Mama. Si uliniona?"

"Nilikuona."

"Nenda nyumbani. Nitakupigia."

Jioni ileile Renee akaenda kutolewa damu. Daktari akataka na Marlene apimwe, kwa kuwa ndiye aliyekuwa anashika vitu. Kisha wakaanza kusubiri, na kusubiri kule, Mungu apishe mbali. Marlene alisugua jiko la chini mpaka vidole vikachubuka, akapangusa kwa vitambaa vibichi alivyovitupa mara moja kama Kaz alivyomwelekeza. Ile meza ya mbao Kaz alikuja kuichukua akaenda nayo bila kuuliza kitu. Usiku usingizi haukuja, mchana chakula hakikupita. Alikuwa akisikia simu inalia hata inapokuwa kimya.

Ilipolia kweli, alikuwa amesimama kwenye ngazi.

"Mama, kaa kwanza," Renee akasema.

"Nimekaa," Marlene akadanganya.

"Damu yangu haina neno. Daktari anasema kilichomo ni kile anachokikuta kwa kila mtu. Mtoto yuko salama, Mama. Salama kabisa."

Ndipo akakaa kweli, kwenye ngazi palepale, akalia kwa sauti kama mtoto. Emil akachechemea kuja, akamwona, uso ukamsawijika, na Marlene akashindwa kumweleza. Akawa anatikisa kichwa na kucheka na kulia, mpaka Emil akaichukua simu na kusikia mwenyewe. Emil hakulia. Alikwenda jikoni juu akakata mkate, akaupaka siagi nene, akaja akaketi ngazi ya juu yake, wakala mkate huo pamoja bila sahani, makombo yakimwagika kila mahali, na Marlene asijali. Loo, mkate ule ulivyokuwa mtamu! Kaz alipopigiwa akasema banda lake lina feni ya kutoa hewa na nguo za kazi zisizotoka humo, na gololi zilizobaki atazisubu shemeji hukohuko, chini ya macho yake. Renee naye alipoambiwa kwamba pirogi zote zimekwenda, alicheka mpaka akaomba aachwe apumue. Ilikuwa mara ya kwanza kumcheka mama yake tangu siku ile, na Marlene alikubali kuchekwa.

Majibu ya Marlene mwenyewe yalichelewa. Aliyafuata kwa daktari, na Renee akaendesha gari, akaingia naye ndani. Daktari alikuwa kijana mpole, akachagua maneno. Akasema risasi kwenye damu ya Mama Hudak imepanda, si ya kulazwa, lakini imepita inapotakiwa. Akiacha kuishika ovyo, itashuka yenyewe kwa miezi kadhaa.

"Ya binti yangu ilikuwa safi," Marlene akasema.

"Safi, ndiyo."

"Na yangu imepanda."

"Imepanda."

Marlene akashusha pumzi, mabega yakalegea, uso ukamng'aa. "Afadhali," akasema.

Daktari akadhani hajaelewa. Akarudia polepole, kwa sauti kubwa zaidi, kama wanavyofanya kwa wazee.

"Nimekuelewa, mwanangu," Marlene akamwambia. "Ilikuwa mle jikoni, ikitafuta mtu. Imenipata mimi."

Daktari akamgeukia Renee, labda kutafuta msaada. Renee hakumtazama. Aliuchukua mkono wa mama yake kutoka kwenye mkono wa kiti, akauweka juu ya tumbo lake, akaushikilia hapo.