Mkokoteni Tulionyimwa

Mara ya mwisho kumwona mama yangu akiwa hai, mguu wake ulikuwa umepitishwa kwenye tundu la gogo, nyuma ya kibanda cha mganga, nzi wamejaa kwenye kidonda, na yeye ananiuliza, "Umekula, mwanangu?" Huyo ndiye waliyemwita kichaa. Tangu wamwondoe nyumbani hakuna mwingine aliyeniuliza hivyo.

Mimi niliishia darasa la nne, ndugu yangu, unisamehe nikiandika kama ninavyoongea. Haya yamenirudia majuzi pale kliniki Kahama, nimekwenda kuchukua vidonge vyangu. Maana na mimi niliugua baada ya kuzaa, kama yeye.

Kwetu ni kijijini, ukishaipita Nyahanga. Msimu wa pamba mama alikuwa anatuamsha kwa harufu: michembe, vile viazi vitamu vya kukatwa na kuanikwa, anavichemsha na karanga za kutwanga. Tukishiba tunaingia shambani, makapi ya pamba yanatuchoma vidole, yeye anaimba Kisukuma na akina mama wengine wanamwitikia kutoka mashamba yao. Mchana wote wanakuja kula kwetu. Hata jirani mwenye mkokoteni wa ng'ombe alikuwa hakosi. Analamba vidole, anamwambia baba, "Siku ukimchoka huyu, niambie mapema."

Kisha baba akarudi kutoka machimbo ya Geita na dhahabu kidogo, ya kutosha kuezekea nyumba bati. Mvua zilipoanza mama akajifungua mdogo wangu, akaacha kulala. Anazunguka uani, anagombana na watu tusiowaona, mtoto hataki kumshika. Kijiji kikajumlisha chenyewe: bati jipya, mke kapata wazimu. Ndagu! Huku kwetu ndagu ni utajiri wa uchawi, mtu anauza akili za wa kwake apate mali. Na wanasema ukimbeba aliyeuzwa, inakuhamia.

Basi nyimbo zikaisha. Nikitumwa moto kwa mama jirani, ananiambia umezimika, na moshi nauona. Kisimani watoto wenzangu wananizomea, "Bati la mama! Bati la mama!"

Nesi wa zahanati alikuja kwa baiskeli bila kuitwa. Akamwambia baba, "Huu ni ugonjwa, unawapata wanawake wengine wakijifungua. Mfikishe hospitali, atapona." Baba akaenda kuomba mkokoteni, mimi nipo nyuma yake. Yule jirani hata kiti hakutoa. "Ng'ombe wangu hawabebi ndagu. Ulimuuza mwenyewe, mbebe mwenyewe." Naye kamanda wa sungusungu, ule ulinzi wa kijiji, akapiga yowe la mkutano, akatangaza kwamba atakayetusaidia atatengwa: hapewi moto, hapewi maji, hazikiwi. Baba mkubwa akaogopa kwa ajili ya jina la ukoo. Akamfunga mama kamba mikononi, akamtembeza kwa miguu hadi kwa mganga.

Kidonda kikaoza. Mama akafia kwenye gogo, na mdogo wangu hakukaa sana, akamfuata. Baba akaliezua bati lote, akarudisha nyasi. Wakasema, mnaona, amekiri.

Mimi nilipougua, wifi yangu alinipandisha pikipiki, akanikumbatia njia nzima huku namtukana matusi ya nguoni. Nilipolala wodini alikula na mimi sahani moja, watu wanamtazama. Ukiniuliza mgonjwa wa akili anasaidiwaje, sina jibu zaidi ya huyo wifi.

Sasa pale kliniki, nani kakaa kwenye benchi? Mwenye mkokoteni! Kazeeka, kamleta mjukuu wake. Hakunitambua. Nikamwamkia, shikamoo.

"Marahaba, binti yangu. Usione haya kuja hapa. Haya ni maradhi tu, kama malaria."

Na akacheka. Akampangusa mjukuu mate kwa upole, nikachukua vidonge vyangu nikaondoka.

Mashamba yale siku hizi ni mashimo ya wachimbaji. Walioitikia nyimbo wengi wamekufa, mganga kafa, baba mkubwa kafa. Baba naye kafa, na jina la muuza mke kazikwa nalo. Lakini kamanda yuko hai, na wewe mzee wa mkokoteni uko hai. Kama leo ni maradhi tu, siku ile yalikuwa nini? Iteni mkutano nyie wawili, msimame mbele ya watu, mseme kwa vinywa vyenu kwamba mama yangu alikuwa mgonjwa na baba yangu hakumuuza mtu. Na msitume mwakilishi. Nawataka nyinyi.